Steringi wa Ziwa Tanganyika

Mtoto aliyekulia mbele ya video Tanzania huijua kanuni moja kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa kamba ndani ya nyumba inayoungua, lakini mkanda hauwezi kwisha yeye yuko chini. Tunaichukulia kanuni hiyo kama mzaha wa vijana wa kibanda umiza, na kweli inachekesha. Lakini ndani yake limejificha swali ambalo wanafalsafa na mashehe wangeweza kukesha nalo: ni nani anayestahili kuwa steringi? Maisha ya nani yanatosha kubeba saa mbili za macho ya watu, na ya nani yanakatika nyuma yake bila mtu kuuliza hata jina la marehemu? Nadhani swali hilo ni la haki kabla halijawa la ladha. Na nadhani ndilo linalompa mtu sababu ya maana ya kuzipa kisogo filamu kubwa za Hollywood zinazotanguliwa na kiki, akatafuta filamu ndogo za watengenezaji huru na za nchi nyingine. Sababu nyingine zinazotajwa mara nyingi, kwamba filamu hizo zina kina, kwamba ni za watu waliosoma, hazina uzito wa kutosha, na baadhi yake ni majivuno matupu.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika unafaa kulipimia swali hili, kwa sababu Hollywood imeshautumia, na ilipoutumia iliufanya pazia la nyuma. Chukua MV Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo, na huko milimani ni mamia ya Waafrika waliokata njia na kusukuma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito isije ikaharibika. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kufikia 1927 ilikuwa imerudi kazini kwa jina la Liemba. Vita hiyo ya ziwani ndiyo iliyomtia C. S. Forester hamu ya kuandika riwaya yake ya mwaka 1935, na kutokana na riwaya hiyo John Huston akatengeneza The African Queen, iliyotoka mwaka 1951 na kumpatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Haikupigwa Kigoma. Ilipigwa Uganda, Kongo ya Wabelgiji na katika studio za Uingereza.

Itazame dakika zake za mwanzo. Tuko ndani ya kanisa la misheni katika koloni la Wajerumani. Mchungaji anaimba kwa nguvu, dada yake, ambaye ni Katharine Hepburn, anapiga kinanda jasho likimtiririka, na waumini Waafrika wamejaa kanisani. Kinachotoka vinywani mwao kimetengenezwa makusudi kisiwe wimbo. Ni mvumo usio na sauti ya kwanza wala ya pili, ili mtazamaji acheke. (Aliyewahi kuisikia kwaya yoyote ya Kigoma anajua tusi hilo lina ukubwa gani.) Nje anafika Bogart na boti yake, anatupa kishungi cha sigara, na wanaume wazima wanakigombania mchangani. Halafu wanakuja askari wa Kijerumani, wanachoma kijiji, wanawaswaga watu. Mchungaji anachanganyikiwa na kufa, na kifo chake kinapewa nafasi ya huzuni. Je, wanakijiji? Hawarudi tena. Filamu inaendelea zaidi ya saa nzima, mapenzi yanachipua, mto unashuka, meli ya adui inazama, na hakuna anayeuliza wale watu walipelekwa wapi. Mtengenezaji hakuwasahau kwa bahati mbaya, kwa maana ili umsahau mtu ni lazima kwanza uwe umemwona.

Mtu atasema ninaionea kazi nzuri. Nakubali ni kazi nzuri. Maneno ya wale wawili yana chumvi, safari ina hofu ya kweli, na Bogart anastahili tuzo yake. Ndiyo maana nimeichagua hii badala ya mkanda mbovu, kwani mkanda mbovu ungethibitisha tu kwamba ubovu ni mbaya. Hii inaonyesha kwamba ufundi wa hali ya juu unaweza kukaa nyumba moja na upofu wa hali ya juu, na kwamba upofu huo hauonekani kwa sababu ufundi umeziba macho. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1939, Hollywood ilikuwa imetoa Stanley and Livingstone, ikiwa na Spencer Tracy. Ujiji ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone huko, ilikuwa mji wa wafanyabiashara, wenye soko na njia za misafara mpaka pwani. Sidi Mubarak Bombay alikuwa ameshafika hapo na wapelelezi Burton na Speke mwaka 1858, kabla ya kumtumikia Stanley. Chuma na Susi walikuwa wamezunguka na Livingstone kwa miaka. Katika masimulizi ya namna hii, mji mzima unageuka mahali ambapo Mzungu mmoja alimpata Mzungu mwenzake.

Sasa niongeze suala la kiki, maana bila hilo hoja ingekuwa ni ya filamu za zamani tu. Kampuni kubwa za Hollywood hutumia kwenye matangazo fedha zinazoweza kukaribia gharama za kutengeneza filamu yenyewe. Fedha hizo hazinunui macho peke yake, zinanunua hukumu. Kabla hujakaa kwenye benchi umeshaambiwa nani wa kupendwa, pigano lipi litakuacha mdomo wazi, na kwamba ukikosa utakuwa nyuma ya wenzako. Unaingia ukiwa na jibu, ukitafuta tu pa kulithibitisha. Mtu katika hali hiyo ana macho, lakini kazi ya macho imeshafanywa na mwingine. Filamu isiyo na kiki inakuja kama mgeni asiyetangulizwa na mpiga zumari: inapiga hodi, inakaa, na ni wewe utakayeamua kama ni mtu wa maana. Uamuzi huo unachosha, na watu wengi huuita uchovu huo kutoelewa muvi.

Hapa dini ina la kusema zaidi ya lile tulilozoea kusikia. Qur'ani, katika Surat Al-Israa aya ya 36, inafundisha kuwa usikivu, uoni na moyo vyote vitaulizwa. Injili ya Mathayo, sura ya 6, nayo inalinganisha jicho na taa, na kuuambatanisha uzima wa mwili na uzima wake. Kwenye mimbari, Ujiji au kwingineko, mafundisho ya namna hii hutumiwa hasa kukataza: usitazame uchi, usitazame cha haramu. Sawa. Lakini amana huvunjwa kwa namna mbili, kwa kuitumia vibaya na kwa kutoitumia kabisa. Mwenye kukabidhiwa mali ya yatima akaifungia sandukuni mpaka ikaoza hana udhuru kwa kuwa hakuiiba. Kama jicho litaulizwa liliona nini, basi litaulizwa pia lilimpita nani. Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1943, aliuona umakini wa kumtazama mtu mwenye shida kuwa jambo adimu, na akauweka karibu sana na sala. Kwa mtazamo huo, kuchagua cha kutazama usiku baada ya usiku ni malezi ya jicho: polepole tunajifunza ni sura zipi zinastahili kusubiriwa mpaka zimalize kusema.

Iweke The African Queen kando ya Makala, filamu ya Emmanuel Gras ya mwaka 2017, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Mtengenezaji ni Mfaransa; mahali ni Katanga, karibu na Kolwezi; lugha inayosikika ni Kiswahili cha huko. Steringi ni Kabwita, kijana mchoma mkaa. Anakata mti mkubwa kwa shoka, na filamu haikimbilii pale unapoanguka; tunabaki naye akipiga shoka, akipumzika, akipiga tena. Anajenga tanuri la udongo, anangoja. Kisha anafunga magunia juu ya baiskeli mpaka baiskeli haionekani, na kuisukuma kilomita 50 kwenda mjini. Kwenye barabara ya vumbi malori yanampita karibu hata unajikuta umejikunyata. Gari linamgonga na kumharibia sehemu ya mzigo. Kuna watu wa barabarani wanaotaka chao kabla hajapita. Akifika anauza, na hesabu ya mabati aliyokuwa akiyaota kwa ajili ya nyumba yake haitimii. Mwisho yuko kanisani, usiku, akisali katikati ya watu. Hakuna bunduki wala adui mwenye jina. Kanuni ya kwamba steringi hafi inarudi pale ikiwa na uzito mwingine, kwa kuwa kila lori linapopita hatuna uhakika nayo.

Baiskeli ya mkaa ni kitu ambacho mkazi wa Kigoma amekiona maelfu ya mara kwenye barabara za kuingia mjini. Ameiona, na ameipisha. Filamu kubwa haiwezi kumsaidia kuitazama kwa sababu kazi yake ni kumwondoa hapo alipo. Filamu ile ndogo, iliyotengenezwa na mgeni, inamrudisha palepale na kumwonyesha kwamba chini ya magunia yale kuna mtu mwenye mke, hesabu na sala.

Pingamizi la kwanza linatoka kwenye mialo ya Kigoma, Kibirizi na Katonga, na si la kudharau. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani siku za giza, taa juu ya maji na wavu chini, anarudi asubuhi mwili umekwisha. Kwa nini aje atazame mtu mwingine akifanya kazi ngumu? Ana ya kwake. Anataka mtu anayeruka kutoka ghorofani na kutua wima. Kumwambia kwamba burudani yake ni upungufu wa maadili ni kiburi, na kuitangaza ladha yako mbele ya watu ni aina ya riyaa ambayo Ghazali angeitambua mara moja: ibada ya kuonekana. Nakubali sehemu kubwa ya pingamizi hili. Mapumziko ni haki ya mtu, na simwoni mvuvi kama mtuhumiwa katika shauri hili. Lakini hoja yangu haikuwahi kusema kila jioni iwe darasa. Inasema kwamba jicho lililolishwa chakula kimoja tu maisha yake yote limedhulumiwa, na aliyedhulumiwa kwanza ni huyo mvuvi, maana katika maelfu ya saa alizotazama hajaona hata mara moja kazi kama yake ikihesabiwa kuwa ya steringi. Anayemkadiria kwamba hataki ndiye mwenye kiburi zaidi.

La pili lina nguvu zaidi, na ni la nyumbani. Watu wetu hawajawahi kuimeza Hollywood nzimanzima. Wasimuliaji wa video, Lufufu na baada yake DJ Mark na wengine, walichukua mikanda ya Marekani, Hong Kong na India, wakaweka sauti zao juu yake, wakaeleza, wakakejeli, wakampa adui jina la utani, wakaongeza methali mahali ambapo mwandishi wa Los Angeles hakuwa na lolote. Muvi iliyotafsiriwa ikawa kitu kingine. Kwa hiyo, atasema mpingaji, hofu ya kwamba kiki ya kigeni inatufanyia hukumu ni hofu ya mtu asiyejua kibanda kilivyo. Hili ni kweli, na ni moja ya ubunifu mkubwa wa sinema ya Afrika Mashariki. Lakini angalia mpaka wake uko wapi. Msimuliaji anatawala sauti; hawezi kusogeza kamera. Anaweza kuwatetea wale wanaogombania kishungi cha sigara, akasema walikuwa wanamcheka mwenye boti. Hawezi kuwarudisha kwenye filamu baada ya dakika ya kumi na tano. Na kule kuhangaika kwao kuyafanya maneno yawe yetu kunathibitisha njaa ileile ninayoizungumzia.

Tena, kupendelea cha nje kuliko Hollywood si mtindo ulioletwa na wenye miwani. Kuanzia miaka ya 1950 watazamaji wa Zanzibar na miji mingi ya Tanganyika walijaza majumba ya sinema kwa ajili ya picha za Kihindi, Awara na Mother India zikiwa miongoni mwa zilizopendwa mno, kwa sababu walikuta humo mambo wanayoyajua: deni, mama, heshima, ndoa inayozuiwa na wakubwa. Walichagua kwa hoja. Sitaki kujidanganya kwamba picha hizo zilikuwa ndogo au zisizo na kelele. Bombay nako kiki haikukosekana. Lakini zinatuonyesha kwamba mtazamaji wa kawaida, akipewa nafasi, hupima filamu kwa kuuliza kama inamjua.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma. Filamu ya kujitegemea inaweza kuwa dhalimu kuliko ya Hollywood, na udhalimu wake ukavaa kanzu ya huruma. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, haikuwa na steringi wa misuli wala kampuni kubwa ya Marekani nyuma yake. Ilizungumzia sangara, ndege za mizigo na umaskini wa Mwanza, ikasifiwa Ulaya na kuteuliwa kushindania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na watu waliandamana Mwanza. Unaweza kudhani serikali ilikuwa inalinda biashara ya samaki, na bado ukaona kwamba wakazi walikuwa na lao: mji wao ulikuwa umegeuzwa jinamizi kwa ajili ya watazamaji wa mbali, na wengi waliomo wamewekwa ili wasikitikiwe. Huruma iliyopangwa mapema ni ndugu wa kiki. Nayo inakuambia uhisi nini kabla hujatazama.

Kwa hiyo udogo wa filamu hauitakasi, wala ugeni wake. Kipimo kinabaki kilekile, na kinazikata pande zote mbili: je, aliyetazamwa ameachiwa nafasi ya kuwa zaidi ya alichohitajiwa kwacho? Kabwita anapita kwenye mlango huo kwa sababu tunapewa muda wa kumwona akifikiri, akipatana bei, akikosea. Wanakijiji wa Huston hawapiti, na baadhi ya watu wa Sauper wanapita kwa shida. Ninachodai ni kwamba filamu isiyolazimika kurudisha mamilioni ya dola kwa wikiendi moja ina nafasi kubwa zaidi ya kupita, kwa kuwa inaweza kumudu dakika ambazo hakuna kinacholipuka. Hiyo ni tofauti ya uwezekano tu, na inatosha kuelekeza uchaguzi.

Augustino, askofu wa Hippo, anatuwekea kikwazo cha mwisho. Akikumbuka ujana wake katika majumba ya tamthilia ya Carthage, alijilaumu kwa kulilia mateso ya kubuniwa, kilio kisichomdai mtu kusimama na kusaidia. Kumtazama mchoma mkaa akitoka jasho kisha kwenda kulala, je, si anasa ileile? Inaweza kuwa hivyo. Lakini Augustino alilalamikia huzuni isiyo na wa kusaidiwa, na hapo ndipo filamu hizi zinapotofautiana. Shujaa wa Hollywood haishi mahali popote ambapo mtazamaji wa Ujiji atakutana naye. Kanali Honorine, askari polisi wa Kongo anayefuatwa na Dieudo Hamadi katika Maman Colonelle ya mwaka 2017, anahamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani na kukuta wanawake wenye majeraha ya vita ya siku sita ya mwaka 2000. Watu waliokimbia vita za Kongo wako kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu mwaka 1996. Huzuni hii ina anwani ndani ya mkoa wa Kigoma.

Hata hifadhi ya Gombe, mwendo mfupi wa boti kutoka Kigoma mjini, ina somo hilo. Filamu ya Jane, ya mwaka 2017, imetokana na mikanda ya zaidi ya saa 100 aliyoipiga Hugo van Lawick miaka ya 1960, na ni nzuri sana. Lakini macho yake yako kwa Jane Goodall na sokwe. Mei 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Kongo waliwateka wanafunzi wanne, watafiti wa kigeni wakaondoka, na Watanzania ndio waliobaki msituni wakiwafuata sokwe na kujaza daftari siku baada ya siku. Utafiti haukukatika kwa sababu yao. Mwenye kutafuta steringi asiyekufa anaweza kuanzia hapo.

Kikwazo kilichobaki si cha falsafa. Filamu za namna hii huzunguka kwenye matamasha, na tamasha kubwa la karibu, ZIFF, limekuwa likifanyika Zanzibar tangu 1998: kutoka Kigoma ni kilomita 1,250 hivi za reli, kisha bahari. Kalemie na Uvira, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, ziko karibu zaidi. Maman Colonelle na Makala zina Kiswahili ndani, kwa hiyo mwenye kibanda pale Mwanga, Kigoma, hahitaji kumlipa msimuliaji ili wateja wake wazifuate. Hata lafudhi hawatashangaa nayo, wanaisikia sokoni. Anachohitaji ni mkanda wenyewe kwa njia ya halali, na jioni isiyo na mechi.